Saratani Husomwa Maabara, Huharibika Kichupani

Desemba 5, 1963, wiki moja kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, ndege iliyobeba kifurushi kidogo kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu. Ikageuzwa hadi Manchester. Ndani ya kifurushi kile mlikuwa na vipande vya uvimbe uliokatwa kwenye taya la juu la mtoto wa kike wa miaka tisa, vikielea kwenye maji ya kusafirishia sampuli. Hadi vinamfikia mtafiti Anthony Epstein katika Hospitali ya Middlesex, saa nyingi zilikuwa zimepita na maji yale yalikuwa yamechafuka kama ya kuoshea mchele.

Mtu wa maabara akiona maji ya namna hiyo hahitaji kuambiwa. Bakteria wameingia, sampuli imeoza, itupwe. Epstein hakuitupa. Alichukua tone moja akaliweka chini ya hadubini, na badala ya bakteria akakuta seli za saratani zenyewe, zimebanduka kwenye nyama kwa mitikisiko ya safari na zinaelea moja moja, zikiwa hai. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, kazi iliyokuwa imemshinda kwa muda mrefu. Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake, na Machi 28 mwaka huo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaandika habari hizo katika jarida la Lancet. Ndivyo kilivyojulikana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kirusi cha Epstein-Barr, katika ugonjwa ambao daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alikuwa ameueleza mwaka 1958.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati, na bahati kweli ilikuwepo. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo wasimulizi hulipita haraka. Kama mtu aliyefunga kifurushi kule Kampala angefuata desturi ya kila siku ya hospitali, akatumbukiza vipande vile kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, London ingepokea nyama safi, ngumu, isiyonuka uozo, na isiyo na seli hata moja iliyo hai. Aliyechagua maji ya kuwekea kinyama ndiye aliyeamua, bila kujua, ni swali gani litakaloweza kujibiwa upande wa pili wa safari.

Uamuzi huo hufanywa kila siku katika vyumba vya upasuaji vya Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza na Bukavu, na siku hizi una uzito kuliko zamani. Saratani haiulizwi tena jina lake tu. Inaulizwa imebadilika herufi gani katika vinasaba vyake, kwa sababu kuna dawa zinazofuata herufi hizo. Mgonjwa wa saratani ya mapafu mwenye badiliko katika jeni ya EGFR hupewa vidonge ambavyo jirani yake wa kitanda cha pili, mwenye saratani hiyohiyo kwa kuitazama, havitamsaidia kitu.

Mtu akisema "wamenikata kinyama wakapime", anazungumzia biopsi. Kinyama kinapotoka mwilini, saa inaanza kuhesabu. Damu imekatika na oksijeni imekwisha, lakini seli hazina habari kwamba zimetengwa na mwenye mwili. Zinaendelea kufanya kazi hadi zinaishiwa nguvu, kisha vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuzila kutoka ndani. RNA, nakala nyepesi ambazo seli huzitumia kutengenezea protini, ndiyo hutangulia kuharibika. DNA ni ngumu zaidi, ila nayo haisalimiki. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya kupima saratani ya matiti inataka kinyama kiwe kimeingia kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kitolewe, kisha kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72.

Saa 72 zinaonekana nyingi mpaka mtu azihesabu kwa kalenda ya kazini. Kinyama kilichowekwa kwenye kichupa Ijumaa saa 10 jioni na kushughulikiwa Jumatatu saa 2 asubuhi kimekaa saa 64. Kimepona. Jumatatu hiyo ikiangukia sikukuu, Jumanne asubuhi zimeshatimia saa 88.

Fomalini yenyewe iliingia maabara kwa njia ya vidole. Mwaka 1893, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Ferdinand Blum alikuwa akijaribu fomaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu. Akaona ngozi ya vidole vyake, vilivyokuwa vikigusa dawa ile, imekuwa ngumu kama ya maiti iliyohifadhiwa kwa spiriti. Mwingine angekwenda kutafuta glavu. Blum aliwaza: kama inakausha vidole vyangu hivi, itafanya nini kwa kipande cha ini? Zaidi ya miaka 130 baadaye, dunia nzima bado inatumia jibu lake.

Kazi ya fomalini ni kufunga. Fomaldehaidi iliyomo ni molekuli ndogo inayopenya kwenye seli na kuishika protini hii na ile, na protini na DNA, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni kwa kamba ili usitawanyike njiani. Baada ya hapo kinyama huondolewa maji kwa spiriti, kisha huzamishwa katika nta ya parafini. (Hapa Mkenya asishtuke: parafini hii ni ndugu wa mshumaa, si ya jiko la mafuta ya taa.) Nta ikiganda, kinakuwa kibonge kidogo ambacho watu wa maabara hukiita bloku. Mteknolojia hukikata kwa kisu maalumu vipande vyembamba vya sehemu tatu hadi tano kati ya elfu moja za milimita, akaviweka juu ya kioo, akavitia rangi, na mwanapatholojia akasoma.

Bloku ikishafungwa hukaa kabatini miaka na miaka. Haidai friza, haidai jenereta, na mgao wa umeme hauihusu. Kwa hospitali ya wilaya hakuna njia nyingine yenye busara kama hii, na anayeidharau fomalini kwa sababu ya matatizo yanayofuata hapa chini hajawahi kulipa bili ya umeme ya maabara.

Blum, hata hivyo, alikuwa akihifadhi umbo. Umbile la DNA lilikuja kujulikana mwaka 1953, miaka 60 baada ya vidole vyake kukakamaa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza kama dawa yake itaacha maandishi ya urithi salama. Haiyaachi. Inayafanyia mambo matatu: inayafunga, inayakata, na inayaghushi.

Kufunga kunaeleweka kwa kamba ile ya kuni. Mashine ya kunakili vinasaba inakuja, inagonga fundo, inasimama. Kukata ni habari ya urefu. DNA ya binadamu ina herufi takriban bilioni tatu, lakini inayotolewa kwenye bloku mara nyingi huwa vipande vya herufi mia moja hadi mia tatu hivi. Ni kama kupewa gazeti lililopita kwenye mashine ya kukatia karatasi. Maabara zimejifunza kuishi na hilo kwa kuuliza maswali mafupi: soma sehemu hii ndogo tu, usitake ukurasa mzima.

Kughushi ndiko kunakoumiza kichwa. Maandishi ya DNA yana herufi nne: A, C, G na T. Ndani ya fomalini, baadhi ya C hupoteza kipande chake kidogo na kugeuka yurasili, kitu ambacho si cha DNA kabisa. Mashine ikifika hapo haina namna ya kusema "hapa pameharibika". Inaandika T na kuendelea mbele. Mwaka 1999 watafiti waliolinganisha vinyama vya fomalini na vile visivyopitia fomalini waliandika kwamba makosa ya kutengenezwa namna hii yaliweza kufikia moja katika kila herufi 500, na kwamba yalizidi pale ambapo seli zilizotumika zilikuwa chache.

Hatari yake inaonekana vizuri katika badiliko moja linaloitwa T790M. Ni herufi moja tu ndani ya jeni ya EGFR, ya 2369, inayotoka C na kuwa T. Mgonjwa wa mapafu anayetumia vidonge vya kizazi cha kwanza, kama gefitinib au erlotinib, hupata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha uvimbe unaanza kukua tena. Na katika takriban nusu ya wagonjwa wa namna hiyo, chanzo ni T790M. Novemba 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya osimertinib kwa ajili ya hao hasa. Sasa mtazame mteknolojia aliye mbele ya skrini. Ana bloku ya zamani, seli chache, na mashine inamwambia imeona T badala ya C katika sehemu chache kati ya elfu moja ilizosoma. Je, saratani imebadilika, au kichupa ndicho kilichobadilika? C kwenda T ndiyo alama ya T790M, na ndiyo alama ya fomalini. Mwizi na mwenye nyumba wamevaa kanzu moja.

Kuna njia za kuwatenganisha. Ya kwanza ni kimeng'enya kinachotafuta yurasili na kuing'oa kabla mashine haijaanza kusoma, ingawa hakifui dafu pale ambapo C ilikuwa imebeba kundi la methili, maana C ya namna hiyo ikiharibika hugeuka moja kwa moja kuwa T halali. Ya pili inaeleweka kwa mama yeyote wa pwani. DNA ni kama doti ya kanga, vipande viwili vinavyokwenda pamoja na vyenye nakshi zinazolingana. Badiliko la kweli limeingia kiwandani, kwa hiyo litaonekana kwenye vipande vyote viwili. Doa la fomalini limeangukia kipande kimoja tu. Mbinu za kisasa huweka alama kwenye kila kipande cha doti kabla ya kunakili, kisha hukubali tu kile ambacho pande zote mbili zimekishuhudia. Ni kazi ya gharama, na inataka DNA ya kutosha tangu mwanzo.

Wasioamini kwamba nta inaweza kutunza siri kwa subira waende Kinshasa. Katika Chuo Kikuu cha Kinshasa kulikuwa na bloku za miaka ya 1958 hadi 1960, za wagonjwa wa mji uliokuwa ukiitwa Léopoldville. Kundi la mtafiti Michael Worobey lilipima 27 kati ya hizo, na moja, tezi ya mwanamke iliyokatwa mwaka 1960, ilikuwa na vipande vya virusi vya UKIMWI. Kinyama kile kilikuwa kimewekwa kwenye dawa ya Bouin, mchanganyiko wenye fomalini na asidi ya pikriki, ambao ni katili zaidi kwa vinasaba kuliko fomalini peke yake. Watafiti waliokoteza vipande vifupi vifupi na kuvipanga, wakavilinganisha na kirusi kilichotoka kwenye damu ya mwaka 1959 ya mjini humohumo. Tofauti baina ya virusi hivyo viwili ilikuwa kubwa mno kwa ugonjwa uliozaliwa jana. Hesabu zao, zilizochapishwa mwaka 2008, zilisogeza mwanzo wa kundi hilo la virusi hadi kati ya mwaka 1884 na 1924. Mwaka 2020 kundi jingine, baada ya kupekua zaidi ya bloku 1,600 za Afrika ya Kati, likapata maandishi karibu yote ya kirusi kutoka kwenye tezi ya mwaka 1966.

Huo ulikuwa utafiti wa historia, na mtafiti wa historia anaweza kurudia kipimo mara ishirini. Mgonjwa anayesubiri dawa hana mara ishirini.

Uharibifu mwingi, isitoshe, hauna uhusiano na ukatili wa fomalini. Unatokana na namna inavyotumiwa. Tuchukue titi lililotolewa lote, lenye uvimbe wa sentimita sita katikati, likawekwa zima kwenye ndoo ndogo na kumwagiwa fomalini hadi likafunikika kwa shida. Fomalini hupenya takriban milimita moja kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo mwendo unavyopungua. Kufika katikati ya uvimbe itahitaji zaidi ya siku nzima, tena baada ya kuvuka mafuta yanayouzunguka. Kwa nje titi limekuwa jeupe na gumu, kila mtu ameridhika. Kisu kinapopita katikati siku ya pili, mle ndani nyama bado nyekundu, laini, na imeanza kuoza. Dawa yake ni kisu hichohicho, ila mapema: uvimbe ukatwe kama mkate wa boflo, silesi za nusu sentimita hadi sentimita moja, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama au zaidi.

Halafu kuna mchanganyiko. Fomaldehaidi huja ikiwa kali, asilimia 37 hadi 40, na kinachoitwa fomalini ya asilimia 10 ni sehemu moja ya dawa hiyo kwa sehemu tisa za maji. Anayechanganya kwa maji ya bomba peke yake, bila chumvi za fosfati za kuzuia ukali, amepata kitu kinachonuka vilevile na kugandisha nyama vilevile. Tofauti ni kwamba kikikaa, sehemu yake hugeuka asidi ya fomiki, na asidi hukatakata DNA. Kwenye kioo cha mwanapatholojia kasoro hiyo ya DNA haionekani. Itajulikana miezi kadhaa baadaye, mashine ya vinasaba inapokataa kusoma.

Mfupa una balaa lake. Saratani ya tezi dume hupenda kuhamia mifupani, na mfupa haukatiki kwa kisu cha maabara mpaka ulainishwe. Asidi kali kama ya haidrokloriki huulainisha haraka na kufuta vinasaba humohumo. Kemikali ya EDTA huulainisha taratibu, kwa siku nyingi, na kuviacha. Daktari anayesukumwa atoe majibu upesi atachagua asidi, na kwa jibu la hadubini atakuwa hajakosea.

Njia safi kuliko zote ni kugandisha. Kinyama kikitumbukizwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, au kikitunzwa katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, DNA hubaki ndefu na haighushiwi. Mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya vinasaba vya saratani, ulioanza mwaka 2006 na kufikia aina 33 za saratani, uliegemea vinyama vilivyogandishwa. Uingereza, katika mradi wake wa kusoma vinasaba kamili 100,000, ilijaribu bloku za nta za hospitali zake, ikaona hazitoshi, ikabidi izielekeze hospitali zibadili desturi na kuanza kugandisha. Hiyo ni nchi yenye huduma ya afya ya taifa na umeme usiokatika, na bado haikuwa rahisi.

Afrika Mashariki nayo imeshaonyesha kwamba inawezekana. Saratani ya koo la chakula inaua watu wengi kwenye ukanda unaopita Kenya, Tanzania hadi Malawi, na vinyama vilivyokusanywa Eldoret, Moshi na Blantyre vikagandishwa viliingia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliosoma vinasaba kamili vya saratani 552 kutoka nchi nane. Watafiti walitarajia kuona alama ya kitu fulani cha mazingira kinachoutofautisha ukanda huu na nchi zenye wagonjwa wachache. Alama hizo zilifanana kwa kiasi kikubwa kila mahali. Matokeo kama hayo yana maana pale tu mtu anapokuwa na hakika kwamba anachokisoma kimeandikwa na ugonjwa, hakikuandikwa na kichupa.

Wapo wanaotafuta njia ya tatu. Nchini India madaktari wa meno na wa patholojia wamejaribu asali na sukari guru badala ya fomalini, wakapata vioo vinavyosomeka vizuri. Hamu hiyo ina sababu: tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka fomaldehaidi katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo mteknolojia anayehifadhi saratani za wengine ana haki ya kudai feni inayotoa hewa nje.

Wengine husema suluhisho ni kuachana na kinyama kabisa na kupima damu, maana uvimbe hudondosha vipande vya DNA kwenye mishipa. Ni kweli, na kwa T790M kipimo hicho kinatumika. Lakini damu iliyotolewa kwenye chupa ya kawaida ya EDTA lazima itenganishwe ndani ya saa chache. Ikichelewa, seli nyeupe zinapasuka na kumwaga DNA yake nzima, na ile kidogo ya saratani inazama humo kama chumvi iliyoanguka baharini. Kichupa kimebadilika, swali ni lilelile.

Kati ya gharama zote zilizotajwa hapa, iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayokosekana mara nyingi: wino. Fomu ya maabara ikiwa na mistari miwili, saa kinyama kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini, na mistari hiyo ikajazwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji, mteknolojia anayesoma vinasaba wiki tatu baadaye atajua kama T anayoiona ni ya kuaminiwa. Bila saa hizo anabahatisha kwa mashine ya mamilioni ya shilingi.

Basi msomaji, siku wewe au ndugu yako atakapokatwa kinyama, na hasa kama ni wewe utakayekabidhiwa kichupa ukipeleke maabara, kipeleke siku hiyohiyo, usikilaze nyumbani wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Uliza ndani kuna dawa gani na kiliwekwa saa ngapi, na uandike. Majibu yakitoka, andika pia namba ya bloku na jina la maabara inayoitunza, kwa sababu daktari wa mwakani anaweza kuihitaji kwa kipimo ambacho leo hakijafika mjini kwenu.